Aliyenisahihisha kwenye tarawehe ni muuza kahawa, tangu siku ile ibada yangu haina raha

BARUA

Assalaam alaykum Bi Mkubwa, na shikamoo.

Nakuandikia saa saba na nusu usiku, mke wangu kalala. Hii barua ni mara ya tatu naianza, mbili za mwanzo nimezifuta kwa sababu kila nikizisoma naona najipamba tu humo ndani, hata kwenye kujilaumu najipamba. Ikiwa ndefu nisamehe.

Mimi nna miaka 29, niko Tanga, nilihifadhi msahafu nikiwa na miaka 17, nasomesha madrasa na huu ni mwaka wa nne nasalisha tarawehe msikiti wa mtaani kwetu. Tunasali rakaa ishirini, juzuu moja kwa usiku, zile za mwisho tunazibana ili khitma, yaani kuumaliza msahafu mzima, isipitwe na mwezi. Sauti Mungu kanipa, sisemi kwa kujisifu (au labda najisifu, sijui tena, ndo shida yenyewe hii). Mwaka juzi kijana mmoja akanirekodi akarusha mtandaoni, ikapendwa, nikafungua akaunti yangu mwenyewe, nikanunua stendi ya simu na maiki ndogo ile ya kubana kwenye kola ya kanzu, na sasa hivi nna wafuasi elfu kadhaa. Kuna mama yuko Muscat ananiandikia kila wiki eti akinisikia analia. Mtu akikwambia vile Bi Mkubwa, we unadhani unalala vipi?

Sasa Ramadhani iliyopita, usiku wa kwanza kabisa, msikiti umejaa mpaka barazani, simu inarekodi. Tuko rakaa ya kumi na saba hivi, nimechoka lakini sauti ndo kwanza imekaa, niko Al-Baqara pale "wattaquu yauman laa tajzii nafsun an nafsin shay'an", ile ya pili, aya ya 123. Waliohifadhi wanajua, ile aya iko mara mbili, ya kwanza ni ya 48, na zimefanana kama mapacha, halafu inayofuata zote mbili inaanza na "wa idh". Mi nikaenda "wa idh najjaynaakum min aali Fir'auna", yaani nimerudi nyuma kurasa kumi na moja bila kujua. Nyuma yangu nikasikia sauti inanifungulia, yaani inanikumbusha aya, "wa idhibtalaa Ibraahiima". Nikaipuuza. Nikairudia ile yangu ya Firauni kwa sauti kubwa zaidi. Ile sauti nayo ikarudia, taratibu, kama mtu anamuonesha mgeni njia ya uani. Mara ya tatu safu nzima ya kwanza ikaingilia ndo nikarudi njiani.

Nilipotoa salamu nikageuka kumtazama ni nani. Ni yule kijana anayetembeza kahawa mtaani, sidhani hata kama ishirini kafika, kanzu imepauka, ananuka moshi wa mkaa. Sikujua hata kama kahifadhi. Miaka miwili nanywa kahawa yake, kila siku namwambia "dogo tia moja".

Baada ya witri nikatoka nje, yuko pale na birika lake na kashata, kikaro cha vikombe kwenye ndoo, akainuka akanyoosha mkono kunisalimia. Nikamwambia mbele ya watu wote wa barza, "Kijana, kumfungulia imamu kuna adabu zake, sio kila anayejua aya mbili anapiga kelele." Akasema, "Nisamehe sheikh." Basi, hakuongeza neno. Kesho yake akasali safu ya mwisho kabisa kule kwenye viatu, na baada ya siku nne tano sikumuona tena mle ndani. Vikombe vyake tu ndo navisikia nje vikigongana.

Usiku ule nyumbani nikakata klipu. Sauti yake ilikuwa inasikika wazi kabisa, nikaitoa, nikaunganisha, ukisikiliza huwezi kujua kitu. Watu wakaandika mashallah mashallah.

Lakini kilichonivunja ni usiku wa juzuu ya 19. Nimesalisha vizuri, kwenye Ash-Shu'araa nimelia mwenyewe na watu wamelia. Narudi nyumbani nasikiliza ile rekodi nitafute kipande cha kurusha, nasikia nimetoka kwa kaumu ya Nabii Hud nikaingia moja kwa moja kwa kaumu ya Nabii Lut. Nabii Swalehe mzima nimemruka, kuanzia aya ya 141 mpaka 159, aya kumi na tisa! Na nyuma yangu kimya. Msikiti mzima, wamo wazee waliosoma, hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Nilirudisha ile rekodi nyuma mara sita sijui saba nikitafuta ile sauti, haikuwepo. Kikohozi kipo, mtoto analia yupo, feni ipo.

Sikumwambia mtu. Nikarusha kipande cha mwanzo. Khitma ikafika, dua ikasomwa, nikavishwa joho, nikapigwa picha.

Tangu hapo sijatulia kwenye swala. Nikisujudu nawaza naonekanaje. Hata sigda, ile alama ya kusujudu kwenye paji la uso, najikuta naigusagusa nikiwa kwenye kikao. Mke wangu juzi kaniambia, wala hatukuwa tunagombana, "Wewe siku hizi kibla chako ni ile stendi." Nikanuna siku mbili. Nimejaribu kujinyenyekeza kweli, wiki mbili nimeacha kurekodi, siku ya tatu tu nikajikuta najiambia mashallah wewe mtu wa ikhlasi, wangapi wangeweza kuacha. Nikaandika kwenye stetasi "mimi ni mja dhalili nisiye na lolote", watu wakanisifia unyenyekevu, nikafurahi! Sasa nafikiria niache uimamu kabisa, niende Dar nikauze simu na jamaa yangu, nisali zangu safu ya nyuma kama watu wengine.

Nishauri Bi Mkubwa. Mtu anajinyenyekeza vipi mbele ya Mungu ikiwa unyenyekevu wenyewe unamvimbisha kichwa?

Imamu, Tanga


JIBU LA BI MKUBWA

Waalaykum salaam warahmatullah, marahaba mwanangu.

Kabla ya yote, mie si sheikh, fatwa sitoi. Nimesomesha chuo hapa Ng'ambo Unguja miaka thelathini na ushei, watoto wa alifu bee na wakubwa wa msahafu, hicho ndo nnachokijua, na nitakujibu kama mwalimu wa chuo. Ya hukumu za swala utampelekea sheikh wako.

Barua yako nami nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilikasirika, ya pili nilicheka pale kwenye stetasi (nisamehe, lakini nimecheka mpaka mjukuu wangu akaja kuuliza kuna nini), ya tatu nikaondoka nikaenda kuchukua msahafu. Na hapo kwenye msahafu ndo nataka tukae kwanza, maana wewe umenitajia aya uliyoteleza kwa namba yake, umenambia na kurasa ulizorudi nyuma, ila kitu kimoja hukunambia, ile aya inasema nini. Hafidh wa miaka kumi na mbili.

Haya tuisome wote. Iogopeni siku ambayo nafsi haitoifaa nafsi nyingine kwa chochote. Hiyo ulikuwa unaisoma kwa maiki, na simu inarekodi ili watu wapende. Halafu inayofuata, ile uliyofunguliwa ukaikataa: na Mola wake alipomjaribu Ibrahim kwa maneno, akayatimiza, akasema, hakika Mimi nitakufanya uwe imamu wa watu. Imamu, mwanangu! Neno lenyewe limo mle ndani, "innii jaa'iluka linnaasi imaaman", na kabla ya uimamu pana mtihani, na Ibrahim anapoomba na kizazi chake nacho kipate, anajibiwa kwamba ahadi yangu haiwafikii madhalimu. Yule kijana wa kahawa alikuwa anakuita uingie mlango huo. Wewe ukashikilia kwa Firauni, ukaambiwa umepotea ukapandisha sauti.

Sisemi Mungu alikupangia uteleze hapo. Pale panateleza mahafidh wote, mie nimewasikia wangapi, "wa idh" ni "wa idh", ulimi haujui unakokwenda. Kuteleza hakuna neno. Mie nasema la mara ya pili. Mara ya kwanza ulisahau, mara ya pili ulishasikia.

Na huyo Firauni si ndo aliwakusanya watu wake akawaambia "ana rabbukumul a'laa", mimi ndo mola wenu mkuu? Sasa wewe kwenye sijda unasema nini? Subhaana rabbiyal a'laa. Neno ni hilo hilo moja, mmoja kalisema kasimama anajisemea mwenyewe, sisi tunalisema pua iko kwenye mkeka na hatumsemei mtu mwengine ila Yeye. Nakwambia hivi kwa sababu unanilalamikia kwamba ukisujudu unawaza unaonekanaje. Siku ukiwaza hivyo usianze kupigana na mawazo, utashindwa, lisikilize tu hilo neno la mwisho unalolitamka. Polepole. Hata mara moja kati ya tatu ikiingia moyoni, imeingia.

Sasa kuhusu kiburi, mie naona umekamata pasipo. Lawama zote umeitupia simu. Stendi, maiki, klipu, wafuasi. Mtume swalla Allahu alayhi wasallam alipokataza kiburi, mtu mmoja akauliza, je mtu akipenda nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri? Akaambiwa Mungu ni mzuri anapenda uzuri, kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Imo kwenye hadithi za Muslim, na wewe nna hakika unawasomesha wanafunzi wako. Joho halimo mle. Sauti nzuri haimo. Mambo mawili tu, na wewe yote mawili uliyamaliza usiku mmoja baina ya rakaa ya kumi na saba na mlango wa msikiti: aya ya haki uliikataa, na aliyeileta ulimtazama kanzu na moshi. Mpaka leo unamwandikia mtu barua ya kujuta, umeniandikia jina la Nabii Hud, la Nabii Lut, la Nabii Swalehe, la yule kijana hulijui.

"Kumfungulia imamu kuna adabu zake." Naam, zipo, nawe unazijua kuliko mie. Mtume mwenyewe alisalisha siku moja kisomo kikamchanganya, alipomaliza akamuuliza swahaba wake Ubayy, ulisali pamoja nasi? Akasema ndio. Akamwambia, basi kitu gani kilikuzuia? Imepokewa na Abu Daud. Umeona aliyeulizwa? Aliyenyamaza! Na siku nyengine alitoa salamu baada ya rakaa mbili kwenye swala ya rakaa nne, swahaba Dhul-Yadayn akamuuliza umesahau au swala imepunguzwa, wala hakumfokea, aliwauliza watu, akaona kweli, akakamilisha. Na akasema yeye ni mtu kama sisi, anasahau kama tunavyosahau, akisahau tumkumbushe. Yule ndo anaomba akumbushwe. Wewe wa Tanga nani?

Umri nao usinambie. Amru bin Salama, enzi hizo hizo za Mtume, aliwasalisha watu wa kabila lake ana miaka sita au saba kwa sababu ndo aliyekuwa na Qur'ani nyingi, na shuka yake ilikuwa fupi hivyo, akisujudu inapanda mpaka mwanamke mmoja akasema jamani si mtufunikie makalio ya msomaji wenu! Wakamshonea kanzu, na yeye anasema hakuwahi kufurahia kitu kama alivyoifurahia ile kanzu. Hii naipenda sana, watoto wa chuoni kila mwaka wananiambia bibi tupigie ile ya kanzu. Ndo hivyo, wazee wenye ndevu zao walisimama nyuma ya mtoto mwenye shuka fupi.

Na huko kwetu mwambao tuna mifano, usidhani ni ya zamani za Madina tu. Habib Swaleh wa Lamu, aliyefariki 1935, sharifu, mtu wa ukoo wake, watu wenye majina mjini wakimnung'unikia kwa sababu anakaa na watumwa na watu wa chini, anawasomesha watoto wao. Leo watu wanatoka kila pembe kwenda maulidi ya msikiti wake wa Riyadha, nitajie mmoja katika wale walionung'unika. Humjui, nami simjui.

Halafu ile Ash-Shu'araa uliyolia. Nabii Swalehe ulimruka sawa, lakini Nabii Nuhu yuko kabla ya Hud, huyo hukumruka, ulimsoma. Kaumu yake walimwambia nini? "Tukuamini wewe hali wanaokufuata ni watu wa chini?" Aya ya 111. Uliisoma kwa sauti ya kulia, na watu wakalia, na aliyekuwa anakufungulia yuko nje anaosha vikombe.

Nikwambie la kwangu sasa, maana nisije nikakaa juu ya kiti nikakuhukumu tu. Miaka ya nyuma nilikuwa na mtoto wa kike chuoni, miaka tisa, mwembamba, mama yake anauza maandazi. Siku ya mashindano wamekuja wageni, wamama wakubwa wakubwa, nikasoma mie ya kufungulia, nikaruka. Yule mtoto akasema, "Mwalimu, umeruka." Si kwa ubaya, ndivyo nilivyowafundisha, ukisikia kosa sema. Nikamtolea jicho, na wageni walipoondoka nikamfinya hapa kwenye mkono, juu ya kiwiko. Hakulia. Akakaa chuoni kwangu miaka minne baada ya pale, kahifadhi nusu ya msahafu, na hakunisahihisha tena hata siku moja. Na mie nilikuwa nakosea, sijui mara ngapi, sitojua. Kuna wakati nilikuwa najikosesha kusudi nione kama atasema, anatazama chini tu anachezea ncha ya mtandio. Sasa hivi ni mtu mzima ana watoto wake, tukikutana sokoni ananibusu mkono, na mie natazama pale juu ya kiwiko.

Kwa hiyo uliponiambia ulirudisha rekodi nyuma mara saba ukitafuta sauti, nilikuelewa mwanangu. Ule ukimya uliufundisha mwenyewe usiku wa kwanza pale nje. Umati ule wa barza walisikia ulichomwambia, wakarudi majumbani, kila mmoja akajua humu ukifungua mdomo unaumbuka.

Sasa cha kufanya. Nenda kwa huyo kijana. Usimwite kwako, usimtume mwanafunzi, wewe uende pale pale kwenye birika wakati wale watu wa barza wapo, maana ulimvunja mbele yao. Simu iache nyumbani. Na tafadhali usije na ile hotuba yako ya mja dhalili, hiyo inamfanya yeye ndo aanze kukubembeleza wewe, "usiseme hivyo sheikh", na utaondoka pale umesifiwa. Sema lililotokea tu: wewe ulikuwa sawa, mimi nilikosea, nikakufokea, na sauti yako nikaikata. Muulize jina. Akinyamaza, mwache anyamaze. Halafu kama ataridhia, mwombe akusikilize. Siku mbili tatu kwa wiki, baada ya alfajiri au muda anaouweza yeye na si unaoutaka wewe, wewe usome yeye afuatilie, halafu yeye asome wewe ufuatilie. Mahafidh wanahitaji sikio, unajua, na sikio zuri umelipata ukalifukuza.

La pili ni gumu zaidi kwako, nadhani. Zile aya kumi na tisa. Swala za watu sizisemei, kamuulize sheikh wako, lakini khitma mliyoifunga na dua ikasomwa haikuwa khitma, ina tundu la Nabii Swalehe mzima, na unayejua ni wewe peke yako (na sasa mie). Waambie. Siku yoyote baada ya isha, kwenye ile maiki ya msikiti, dakika mbili, usilie: usiku wa juzuu ya kumi na tisa niliruka kuanzia hapa mpaka hapa, nilijua siku ile ile nikanyamaza, anayesikia kosa langu siku nyengine anifungulie, awe nani awe nani. Hapo ndo utajua kunyenyekea kunavyouma. Hakuna atakayekusifia, nakuhakikishia, kuna watakaokunong'ona.

Ile klipu ya usiku wa kwanza ifute. Kuiweka upya na sauti yake ndani usiiweke, utaigeuza nayo kipindi, "tazameni nilivyosahihishwa nikakubali", nakujua wewe. Kurekodi kwingine sikwambii uache wala uendelee. Wapo wazee na wagonjwa wanafaidika, huyo mama wa Muscat labda ndo kisomo pekee anachokisikia kutoka kwao. Ila ukiendelea, arekodi mtu mwengine, arushe yeye, kisikatwe kitu, na wewe usikae usiku kujisikiliza. Na stendi iondoke mbele ya macho yako.

Uimamu usiache. Yule msomaji wa Qur'ani katika wale watatu wa mwanzo kuhukumiwa, anayeambiwa ulisoma ili isemwe fulani ni msomaji na imeshasemwa, hadithi ile itishe, mie inanitisha mpaka leo, lakini haijasema asome nani mwengine badala yake. Wazee wetu wa elimu wamesema zamani kwamba hata kuacha amali kwa ajili ya watu nako ni riya, ni kujionesha. Na hebu jisome ulivyoandika: "nisali zangu safu ya nyuma kama watu wengine". Kama watu wengine! Safu ya nyuma wewe unaiona ni kushuka, wakati wengine wako pale kwa sababu wamechelewa kutoka kazini.

Hayo ya kujisifu kwa kuacha kujisifu, usiyafuate mpaka mwisho wake, hayana mwisho. Mtu akijitazama sana anavyonyenyekea bado anajitazama. Ukiona yamekuja sema astaghfirullah upite zako, kama unavyompita mbwa njiani, ukisimama kumtazama na yeye anasimama. Fanya na ibada moja ambayo hana habari nayo mtu yeyote, ndogo tu, rakaa mbili, senti za mtu, chochote, wala usiniandikie ni ipi. Kufagia msikiti sikushauri. Yule mama aliyekuwa akiusafisha msikiti wa Mtume alifagia mpaka akafa, wakamzika usiku bila kumwambia Mtume kwa kuona jambo lake dogo, na yeye akaulizia, akaenda mpaka kaburini kumsalia. Lakini wewe ukishika ufagio pale kwenu kesho uko mtandaoni.

Nimebakiza mkeo. Amekwambia kibla chako ni ile stendi, ukanuna siku mbili. Huyo ndo mtu wa pili kukufungulia mwaka huu, naye umemfanyia vile vile. Shukuru hajahamia safu ya viatu. Barua hii ukimaliza kuisoma mwamshe, hata kama ni usiku, umwambie alikuwa sawa, asipokuamini mwache alale.

Halafu kesho uende barazani. Ukifika kwenye msahafu muanzie pale pale, "wa idhibtalaa Ibraahiima". Na kahawa ulipe wewe, hata akikataa.